Kuruka kwa mwavuli (parachuti) toka kwenye ndege au toka kwenye jabali?

Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili jamani, wakati havifanani kabisa. Ukiruka toka kwenye ndege, mita kama 4,000 hivi, unaporomoka karibu dakika nzima kwa spidi ya kilomita 200 kwa saa, mwavuli ukigoma una wa akiba mgongoni, na kuna kakifaa kanaufungua chenyewe hata ukizimia. Sasa jabali ni habari nyingine! Mwavuli mmoja tu, sekunde chache, na ukifunguka umegeuka unakurudisha kwenye mwamba. Carl Boenish, aliyeupa mchezo huu wa majabali umaarufu, alifia kwenye jabali la Trollveggen, Norwei, mwaka 1984. Raha ya jabali naielewa, ule ukimya wa hatua ya kwanza kabla upepo haujaanza kuvuma masikioni, ila mimi nachagua ndege.