Jenereta la kusafiri nalo: angalia kifuniko cha tangi kabla ya wati

Tangu nionyeshe Hiace yetu tuliyoitoa viti tukaweka kitanda, taa na friji ya gari, maswali ya jenereta hayaishi. Na malalamiko nayo yameanza. Msomaji mmoja wa Morogoro alinunua jenereta dogo, halina kelele, linawaka kwa mvuto mmoja. Akalipakia nyuma ya Noah pamoja na magodoro, akaelekea Mikumi na watoto. Kufika Doma watoto wanatapika, godoro limelowa petroli, mkate hauliki. Alivyorudi dukani akaambiwa, "Mama, majenereta yote ndiyo yalivyo."

Siyo yote. Jibu hilo limeniudhi sana, kwa sababu aliyelitoa alimuuliza mteja anataka kuwasha nini, lakini hakumuuliza anakwenda kulibeba vipi.

Kuhusu kelele na wati mmeshasoma kwingine, nami nitapita haraka. Kwa kambi nunua la inveta (linalosawazisha umeme wake kwa elektroniki), lililofunikwa kwa plastiki pande zote. Friji ya gari, taa, simu na kompyuta mpakato haviwezi kulishinda jenereta la wati 900. Birika la umeme na pasi ndivyo vinavyolizidi nguvu, na chai ya kambini inachemka kwenye gesi. Kumbuka tu kwamba injini hupungukiwa nguvu unapopanda: Honda wenyewe wanasema karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Ukingo wa Ngorongoro, ambako watu wanapiga mahema, uko juu ya mita 2,300. Kule wati 900 ulizozijaribu Dar es Salaam zinabaki kama 650.

Sasa tuje kwenye kifuniko. Tangi la jenereta lazima lipumue wakati mashine inafanya kazi, vinginevyo petroli haishuki kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kwa hiyo kifuniko kina tundu. Jenereta likikaa nyumbani tundu hilo halina shida na mtu. Likiwa ndani ya gari linalopita kwenye rasta na matuta ya Mikumi, petroli inaruka ndani ya tangi na kutokea hapohapo. Tena petroli hutanuka ikipata joto, na gari lililoegeshwa juani saa saba mchana ni tanuri. Ukiwa unatoka pwani kupanda Karatu, hewa ya nje inapungua mgandamizo wakati ile ya ndani ya tangi bado ni ya Dar, basi inasukuma mvuke kutafuta mlango. Tangi likijazwa mpaka mdomoni, kinachotoka si mvuke tena, ni petroli yenyewe.

Jenereta lililofikiriwa vizuri lina kishikio kidogo juu ya kifuniko, kimeandikwa ON na OFF. Ukikizungusha kwenda OFF, tundu linafungwa. Ni kitu kidogo kama kidole gumba, na wauzaji wengi hawajui kazi yake.

Hapo umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kikombe cha kabureta, ambacho kinabaki na petroli hata baada ya kuzima. Gari likirukaruka, boya la ndani ya kikombe linacheza, sindano inayofunga njia ya petroli inaachia, na petroli inapita. Dawa yake ni kufunga petroli huku injini ikiendelea kunguruma, iinywe ile iliyobaki mpaka ijizime yenyewe. Majenereta mengi hayaruhusu, maana swichi moja inakata petroli na moto kwa pamoja.

Kwa vigezo hivyo viwili, ninayapanga hivi.

La kwanza ni Honda EU22i, na sioni haya kusema naipenda Honda. Kifuniko kinafungwa, na lina nafasi ya kukata petroli huku injini ikitembea. Linatoa wati 1,800 za kudumu, tangi ni lita 3.6, uzito kama kilo 21. Mzigo ukiwa mdogo linakesha na tangi moja. Kilo 21 si mchezo kwa mwanamke anayelishusha peke yake, lakini mshikio wake uko katikati ya uzito, halikuvuti upande.

La pili ni Yamaha EF2000iS. Lina wati 1,600 za kudumu, kilo 20, kifuniko cha kufunga na koki ya petroli inayojitegemea. Ukilikuta kwa bei nzuri, lichukue bila wasiwasi. Nimeliweka nyuma ya Honda kwa sababu mafundi wanaoijua Honda ninawapata mpaka miji midogo, na vipuri vyake pia.

La tatu ni Honda EU10i, kilo 13, mkono mmoja unatosha. Tundu la kifuniko linafungwa. Kikombe cha kabureta itabidi ukimwage kwa kulegeza skrubu yake ya chini, na bisibisi fupi. Kwa watu wawili wenye friji na simu, hili latosha kabisa.

Vile vidogo vya kuchanganya petroli na oili, vyenye namba 950 kwenye jina, ni vya bei nafuu na vinawasha taa za duka. Ndani ya gari la familia sivitaki.

Kwenye kulibeba: lipoe kwanza. Lisimame wima, lifungwe kwa mkanda wa kukaza, lisilazwe hata kwa mwendo wa nusu saa. Likilala, oili inapanda kwenye silinda na chujio la hewa, ukivuta kamba inagoma au moshi mweupe unajaa kambi nzima. Tangi liwe karibu tupu, na petroli ya akiba ikae kwenye dumu la chuma, nje, si lile la njano la mafuta ya kupikia. Ukiweza, tengeneza kibebeo nyuma ya gari, jenereta lisiingie ndani kabisa. Mkifika, liweke pasipo mteremko, kwa sababu likiinama linadhani oili imeisha na kujizima. Wengi wamelipeleka kwa fundi bure. Liwe mita sita au zaidi kutoka kwenye hema au gari mnalolala, moshi ukielekea mbali nanyi. Kaboni monoksidi haina harufu, na mtu aliyelala haamki.

Wauzaji nao wana yao. Unauliza bei, unajibiwa "njoo inbox". Ukienda inbox, bei inapandishwa kwa kuangalia picha yako ya wasifu. Kwenye boksi wameandika wati za juu kabisa, zile za sekunde chache, na za kudumu hazitajwi popote. Kuna mashine nyekundu zenye jina linalokaribia Honda, na kifuniko chenye kishikio kilichochorwa tu, hakizunguki. Na kuna mtumba wa Japani: EU9i na EU16i ni mashine nzuri, lakini ni za volti 100. EU2200i ya Marekani ni volti 120. Friji yako ya volti 230 haitafanya kazi humo, na hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia hilo kabla sijauliza.

Kwa hiyo nenda dukani na petroli robo lita kwenye kidumu kidogo cha chuma. Soma volti kwenye kibati. Mimina petroli kidogo, funga kifuniko, zungusha kishikio kwenda OFF, kisha mwambie akuinamishie mashine kidogo kuelekea upande wa kifuniko. Nusa, pitisha kitambaa cheupe kuzunguka mdomo wa tangi. Akikataa kukufanyia hivyo, au akikataa kukuandikia risiti ya EFD yenye namba ya injini, vuka barabara uingie duka la pili.