Siku tatu Lutoboka na mama aliyengoja maji yapwe

Mama alifika Kampala kutoka Pangani mwezi wa pili, na alipokwisha kupumzika akaniuliza kama huku bara nako kuna pwani. Naishi Ntinda mwaka wa kumi na moja sasa, nafundisha Kiswahili, na kila likizo mimi ndiye ninayeteremka kwetu. Safari hii mgeni ni yeye. Nikamwambia pwani ipo, ila ya maji baridi. Nikakata shauri nimpeleke Ssese, visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria, ambalo Waganda wanaliita Nalubaale, tukalale siku tatu kwenye hoteli ya kifahari katika ghuba ya Lutoboka, kisiwani Bugala. Jina la hoteli silitaji. Malalamiko yangu nimeshampa meneja uso kwa uso, akayasikiliza.

Kwanza njia. Ukitokea Kampala una njia mbili. Unaweza kwenda kwa gari hadi Masaka, ukashuka Bukakata, ukavuka kwa kivuko mpaka Luuku, chini ya saa moja, wala hulipi kitu. Au unapanda MV Kalangala pale Nakiwogo, Entebbe, inayong'oa nanga saa nane mchana na kukuteremsha Lutoboka yenyewe baada ya saa tatu na nusu hivi. Sisi tulipanda meli, daraja la kwanza, shilingi 14,000 za Uganda kila mmoja. Fika mapema upate kiti cha dirishani. Mama alikaa upande wa kivuli na tasbihi mkononi, na nusu ya kwanza ya safari hakusema neno. Kisha akaniambia, "Mbona hewa yake haina chumvi?" Alikuwa analamba midomo.

Hoteli ni nzuri, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Vyumba vimejengwa mlimani kwa ngazi za mawe, kila kimoja na kibaraza chake kinachotazama maji. Kitanda kipana, chandarua kizima kisicho na tundu hata moja, maji ya moto muda wote. Tulilipa 480,000 kwa siku, chumba cha watu wawili pamoja na kifungua kinywa. Kwa mshahara wa mwalimu ni fedha nyingi, niliziweka tangu Septemba. Kama una mzee, omba chumba cha safu ya chini. Sisi tulipewa cha juu, ngazi 61, na magoti ya mama yakaanza kulalamika siku ileile. Nilipoeleza mapokezi, kesho yake asubuhi walituhamisha bila kutuongezea hata shilingi.

Jambo ambalo mama atalisimulia Pangani ni salamu. Msichana aliyetuletea maji ya matunda alipomwona alipiga magoti kabisa, kama wafanyavyo Waganda mbele ya mkubwa, akamwita Jjajja, yaani bibi. Mama alishtuka, akamshika mkono, "Inuka mwanangu, inuka." Kisha akamfundisha kusema shikamoo. Tangu hapo kila asubuhi binti yule alikuja na shikamoo yake, akiitamka polepole asiivunje, na mama akaitikia marahaba kama anayempokea mjukuu. Kiswahili cha wahudumu kilikuwa cha kujitahidi, na walijitahidi kweli. Wengine waliniomba radhi, eti Kiswahili chao kibovu. Kilitutosha.

Sasa tatizo langu na hoteli ile. Inatamani kuwa Zanzibar. Jengo la chakula limeezekwa makuti, ukutani zimepakwa picha za majahazi, na orodha ya vyakula imejaa kamba na ngisi walioletwa wakiwa wamegandishwa. Usiku wa kwanza mama aliona samaki wa kupaka, akafurahi, akaagiza, 55,000. Akaletewa minofu isiyo na mfupa ndani ya tui la kopo lenye sukari. Alionja vijiko viwili, akaufunika mkono wake kwa mtandio, akaniambia ameshiba. Mama yangu amepika samaki wa kupaka miaka hamsini. Hakutaka kumkosea mpishi, wala mimi sikutaka, lakini niliumia. Kisiwa hakina nazi ya kuchumwa. Ile miti mirefu unayoiona ukitoka Luuku kwenda mji wa Kalangala, maili baada ya maili, ni michikichi ya mafuta, iliyopandwa kibiashara tangu miaka ya 2000 pale palipokuwa na msitu. Mama naye aliidhani minazi, akauliza atapata wapi dafu.

Na umbali wa kutembea dakika kumi kutoka meza yetu kuna mwalo. Kila alfajiri mitumbwi inaingia na sato na sangara, wanawake wanaanika mukene juu ya nyavu, yaani dagaa wa ziwa, moshi wa kubanikia samaki unapanda. Hakuna hata samaki mmoja wa pale aliyekuwa kwenye orodha ile.

Mama aliamka saa kumi na moja siku ya pili, akaswali, akakaa kibarazani akitazama ufuko. Nilipotoka jua lilikuwa limeshachomoza. Akaniuliza, "Maji ya hapa yanapwa saa ngapi?" Alikuwa anangoja yapwe ateremke kuokota chaza, kama alivyozoea tangu utotoni. Nikamweleza kwamba ziwa halipwi wala halijai kama bahari, yanabaki palepale. Alinyamaza kidogo. Akasema basi hao wavuvi wanajuaje wakati wao. Ikabidi twende kuwauliza.

Kwenda mwaloni ndiko kulikoifanya safari ile kuwa safari. Tulimpata yule binti wa shikamoo akatusindikiza. Mama alimkagua samaki macho na mashavu, akabishana bei kwa vidole na tabasamu, tukanunua sato wawili wakubwa kwa 30,000. Mvuvi mmoja mtu mzima akamwonyesha kwa mkono upepo wa alfajiri unakotoka na wa mchana unakotoka. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Jikoni wakatutoza 20,000 kuwapika. Mpishi, alipoachiwa apike cha kwao, aliwafunga samaki katika majani ya mgomba na mchuzi wa karanga, luwombo, akawaivisha kwa mvuke, na matoke pembeni. Ukifungua jani, mvuke wake peke yake ni chakula. Mama alimaliza, akalamba vidole, akaomba mpishi aitwe. Mpishi alitoka akijifuta mikono, akasema chakula kile wanapikiana wao wafanyakazi, wageni hawajawahi kukiuliza. Watauliza vipi kitu kisichoandikwa?

Kuogelea. Hapa soma vizuri, hasa ukija na watoto. Niliuliza mapokezi kuhusu kichocho, kijana akanijibu, "Hapa hakuna, madam, maji ni safi." Jibu hilo si la kweli na halifai kupewa mgeni. Kichocho kipo Ziwa Victoria. Konokono wanaokieneza wanakaa kwenye majani ya kando, na watu wa mialoni hupewa dawa ya prazikwanteli na Wizara ya Afya. Maji yanaweza kuwa maangavu na yakawa na vimelea. Mimi nilikaa kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, ambalo ni kubwa na linasafishwa kila siku, mama akalowesha miguu kwenye ngazi zake. Ukiingia ziwani, kaa mbali na majani, jifute mara moja, na baada ya wiki sita hadi nane nenda ukapimwe. Meneja aliniahidi ataweka maelezo haya vyumbani. Namwamini, na nitaangalia.

Ufuko wenyewe ni mfupi kuliko picha zao. Mtunza bustani alinionyesha alama kwenye ukuta wa banda: mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likavuka rekodi ya 1964, mchanga wote ukawa chini ya maji, na baadhi ya majengo ya ufukweni hayakurudi tena. Alieleza huku mkono wake umekaa juu ya ile alama.

Jioni ya pili walikuja esami, wadudu wadogo wa ziwani, wingu zima kama moshi unaotembea juu ya maji. Hawaumi. Wahudumu walizima taa za barazani haraka, wakaacha moja tu inawaka mbali kule gatini, wadudu wote wakaifuata. Wanasema huzidi mwezi unapoandama, kwa hiyo ukipanga tarehe tazama na mwezi.

Matembezi ya boti walituuzia ya kuzunguka visiwa na kunywa vinywaji. Hakuna aliyetutajia kwamba kisiwa cha Bubembe ndipo lilipo hekalu la Mukasa, mwenye ziwa katika imani ya Waganda. Nalijua kwa kuwa wanafunzi wangu walinisimulia. Mimi na mama ni Waislamu, tusingekwenda kuabudu, ila tungependa kupita karibu na kusikia habari zake kwa wenyeji. Badala yake nahodha alitupigia taarab ya Unguja kwenye spika, kwa heshima yetu, nami nikamshukuru. Furukombe wawili walikuwa juu ya mti mkavu, wanaitana. Nikamwomba apunguze sauti, tukawasikiliza mpaka wakaruka.

Meli ya kurudi inaondoka saa mbili asubuhi. Yule binti alitusindikiza hadi gatini na kikapu: sato wa kubanika wanne, wamefungwa kwa jani la mgomba. Mama akamvalisha kanga yake moja begani. Nimeulizia nafasi ya Agosti, chumba cha chini, na kwenye barua ya kuomba chumba nimeandika: luwombo ya samaki wa mwaloni, siku zote tatu, na mpishi yuleyule.