Uzoefu wangu na sanduku la diski za WITCH, bendi ya roki kutoka miji ya shaba ya Zambia

Nimekaa na sanduku hili kwa miezi mitano sasa, nikilisikiliza nyumbani kwetu Walukuba, Jinja, karibu kila jioni ambayo umeme haukukatika, na naona nimelizoea kiasi cha kuweza kuwaandikia wenzangu wanaofikiria kulinunua. Ni mkusanyiko uliotolewa na Now-Again, kampuni ya santuri yenye makao yake Los Angeles, na ndani yake zimo albamu tano ambazo bendi ya WITCH ilizitoa katika miaka ya 1970: Introduction, In the Past, Lazy Bones!!, Lukombo Vibes na Including Janet. Mkusanyiko wenyewe umepewa maneno ambayo jina la bendi ni ufupisho wake, We Intend To Cause Havoc, yaani "tumekusudia kuleta vurugu".

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: zisikilizeni albamu hizi kwa mfuatano wa miaka. Mimi nilianza na Lazy Bones!!, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kuliko zote, nikaipenda mno hata nikaziacha nyingine kwa wiki tatu nzima. Siku nilipotulia na kuanza na ile ya kwanza, kisha nikaenda diski kwa diski hadi ile ya mwaka 1977, ndipo niliposikia jambo ambalo albamu moja haiwezi kulisema, yaani fedha ya shaba inavyoingia katika nchi na inavyotoka.

Kwa asiyewafahamu, WITCH ni vijana waliokutana mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika ukanda wa migodi ya shaba kaskazini mwa Zambia. Mwimbaji wao alikuwa Emmanuel Chanda, aliyepachikwa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa roki wa Uingereza (hapa Busoga, ambako sukari guru hupikwa karibu kila kona na huitwa kwa neno linalofanana na hilo, jina lake linatamkika kana kwamba ni la jirani). Chris Mbewe alipiga gitaa la solo, John Muma gitaa la ridhimu, Gedeon Mwamulenga besi, Paul Mumba kinanda, na Boidi Sinkala dramu. Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka 1964, na shaba ilikuwa ikiiletea zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje. Rais Kenneth Kaunda alipoagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Wazambia wenyewe, vijana waliokulia kwenye santuri za roki za Uingereza na Marekani walipata mlango wa kupitia, wakatunga roki yao kwa vyombo walivyonavyo na kwa maisha waliyoyajua. Mtangazaji Manasseh Phiri ndiye anayetajwa kuwa aliupa muziki huo jina la Zamrock.

Albamu ya kwanza ni changa, na nasema hivyo kwa kuisifu. Sauti ni nyembamba, dramu zinasikika kama zimepigwa katika chumba cha pili, na wakati mwingine gitaa na kinanda vinagombea nafasi ileile, lakini hakuna aliyezembea hata kidogo. Wapenzi wa panki, yaani ule muziki wa roki mkali na usiopakwa rangi ambao London iliutangazia ulimwengu mwaka 1976, watatambua mara moja roho yake hapa, miaka kadhaa kabla: nyimbo fupi, bendi inayocheza kwa haraka kana kwamba ukumbi utafungwa muda wowote, na mwimbaji ambaye hajali kama sauti yake ni nzuri mradi ifike. Mimi hupiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisani, kwa hiyo sikio langu lilimwendea Mwamulenga kwanza, na ndiye anayeishikilia albamu hiyo isisambaratike.

Jioni niliyoiweka diski hiyo, baba yangu alikuwa ameketi barazani. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyushia shaba hapa Jinja, ambako shaba ya Kilembe ililetwa kwa treni kutoka Kasese, na wengi wa majirani zetu wa Walukuba, watu wa makabila mengi waliounganishwa na Kiswahili, walikuwa watoto wa kazi za viwandani. Alisikiliza nyimbo tatu bila kusema neno, mkono mmoja ukiwa juu ya fimbo yake, kidole cha shahada kikifuata dramu. Kisha akasema, "Mwanangu, hawa vijana wana mshahara." Nilimwuliza amejuaje. Akanieleza kwamba gitaa la umeme, kinanda, spika na mafuta ya gari la kubebea vyombo haviji kwa maombi, na kwamba muziki wa namna hiyo huota mahali ambapo mwisho wa mwezi kuna watu mia kadhaa wenye fedha ya tiketi mfukoni. Hata hapa kwetu, alisema, siku ya mshahara ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Kijitabu kilichomo kwenye sanduku kinaeleza mazingira hayohayo kwa maneno mengi zaidi, lakini sijasoma sentensi iliyonifafanulia albamu hiyo kuliko ile ya baba.

In the Past, ya mwaka 1974, ni hatua ya kati, na sitakaa nayo sana, ingawa kinanda cha Mumba humo ni kizuri kuliko mahali pengine popote katika sanduku.

Sasa Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Hii ndiyo albamu ambayo, kama fedha yenu inatosha kitu kimoja tu, mngeitafuta peke yake. Inafunguliwa na wimbo wa Black Tears, na tangu hapo gitaa linakuwa kitu kingine. Masikio yetu ya Uganda yamelelewa na gitaa la Kikongo, lile safi, tamu, linalotiririka kama maji juu ya mawe. Hapa gitaa linapitishwa katika kisanduku kidogo kinachoivimbisha sauti hadi ikapasuka kingo, likawa kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na kuna pedali inayokanyagwa kwa mguu ambayo huifungua na kuifunga sauti hiyo kama mdomo wa mtu anayetaka kusema akazuiwa. Huo ndio upande wa saikedeliki wa bendi hii, yaani roki ya kindoto yenye sauti zilizopindwa. Katika Strange Dream, wimbo ninaourudia kuliko wote, mapigo yanapungua kasi, Jagari anaimba kama mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala chumba cha pili, na magitaa mawili yanazungukana bila haraka. Wimbo huo ni wa kusikiliza taa zikiwa zimezimwa. Ukiusikiliza ukiwa na kazi mikononi utakupita.

Uzito wa albamu hiyo una sababu zake, na hapa ndipo mfuatano wa miaka unapolipa. Mpaka wa Zambia na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, njia ya kupitishia bidhaa kusini ikawa imekatika; bei ya shaba duniani, iliyopanda sana mwanzoni mwa mwaka 1974, ilianguka kwa zaidi ya nusu kabla mwaka haujaisha; na Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, iliyopeleka shaba hadi bahari ya Atlantiki. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa ndiyo kwanza inakamilika. Sisemi kwamba vijana hawa walikuwa wakiimba habari za bei ya shaba. Nasema kwamba walikuwa wakipiga muziki katika miji ambayo kila nyumba ilikuwa ikihesabu upya fedha zake, na gitaa linasikika hivyo. Mwaka huohuo wa 1975 ndio Afrigo Band ilipoundwa Kampala, chini ya utawala wa Amin, na nimejikuta nikiwaza mara nyingi jinsi bendi mbili za nchi zilizobanwa zilivyochagua njia tofauti: yetu ikashika dansi, ambayo imeivusha hadi leo, na yao ikashika roki, ambayo haikuweza kuishi bila vyombo vya bei kubwa.

Lukombo Vibes ya mwaka 1976 na Including Janet ya mwaka 1977 zinarudi nyumbani kwa mapigo. Gitaa linasafishwa, besi inaanza kucheza zaidi, na mtu anaweza kuinuka kitini. Wapo watakaoziona dhaifu. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa nasikia bendi inayotafuta namna ya kuendelea kula, na bado inacheza vizuri. Baada ya hapo Jagari aliondoka kwenye jukwaa na kwenda kufundisha muziki katika Chuo cha Evelyn Hone, Lusaka, na vita vya Rhodesia vilipovuka mpaka, amri za kutotoka nje usiku na kuzimwa kwa taa vilizisukuma dansi hadi zikafanyika mchana. Bendi iliyozoea kupiga usiku kucha haiwezi kuwa ileile saa tisa alasiri. Waliobaki waligeukia disko, wakatoa Kuomboka mwaka 1984, kisha kimya.

Kimya hicho kinanigusa kuliko sehemu nyingine yoyote ya historia hii. Wanamuziki wengi wa kizazi cha Zamrock walifariki mapema, wengi wao kwa UKIMWI, na katika waanzilishi wa WITCH aliyebaki hai ni Jagari peke yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichimba vito ili kuitunza familia yake. Sisi Waganda hatuhitaji kuelezwa maana ya hayo. Tulimzika mwanamuziki wetu Philly Bongoley Lutaaya mwaka 1989, naye alikuwa amesimama mbele ya taifa akasema wazi anaugua nini. Nikizitazama picha za kijitabuni, vijana wenye suruali pana na viatu vya visigino virefu, najikuta nikihesabu nyuso, nami huufunga ukurasa huo haraka.

Kuhusu bidhaa yenyewe: kijitabu ni kizuri, kina picha nyingi na maelezo ya kutosha, isipokuwa hakuna maneno ya nyimbo, na hilo ni pungufu kubwa kwa bendi ambayo mwimbaji wake humeza silabi. Sauti ya albamu ya kwanza ina mikwaruzo midogo, kama santuri iliyokwishachezwa. Kwa vipokea sauti vya masikioni inasikika, kwa spika za kawaida inapotea. Jaladi ni gumu na limefungwa vizuri, ingawa langu lilifika na kona moja iliyobonyea, kwa sababu waliolisafirisha walilitupa katika mfuko wa plastiki bila kadibodi, na nilipolalamika niliambiwa nishukuru kwamba limefika. Jumla ya usafirishaji na ushuru ilizidi bei ya sanduku. Ningewashauri waagize wawili au watatu kwa pamoja.

Anayetaka panki zaidi kuliko saikedeliki asiishie hapa. Atafute Ngozi Family, bendi ya Paul Ngozi wa Lusaka, ambaye alifariki mwaka 1989. Neno ngozi kwa Chinyanja si hili letu la mwilini. Maana yake ni ajali au hatari, na ukisikiliza Day of Judgement ya mwaka 1976 utaona kwamba jina halikukosea. Gitaa lake ni butu, dramu zinapigwa kama mlango, na hakuna pambo lolote. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani, Tyler, the Creator, alichukua kipande cha wimbo wao mmoja akakitia katika wimbo wake wa Noid, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne, wasiojua lolote kuhusu Zamrock, walikuwa wakiuimba uwanjani kabla sijawaeleza umetoka wapi. Niliwaletea diski siku iliyofuata. Tulisikiliza wakati wa mapumziko ya saa nne, dirisha likiwa wazi, na walinitaka niirudie mara mbili.

Jagari, kwa upande wake, alirudi jukwaani. Filamu ya Gio Arlotta ya mwaka 2019 inaonyesha jinsi alivyotafutwa na kufikiwa, amezunguka Ulaya na wanamuziki vijana, na mwaka 2023 WITCH ilitoa Zango, iliyorekodiwa katika DB Studios, Lusaka. Nimekwisha kuiagiza, safari hii pamoja na majirani wawili. Baba ameniomba ikifika nisiifungue kabla hajaketi.