Kingamwili ya CD61 (kloni VI-PL2): uzoefu wangu maabara

Kama maabara yenu ina flosaitometa (mashine inayopitisha chembe moja moja mbele ya leza) na shida yenu ni kuzitambua chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, bila kubahatisha, nunueni kingamwili hii. Tunaitumia kwenye utafiti wetu hapa Nairobi, ile iliyofungwa na FITC, rangi inayong'aa ikipigwa na leza, na sioni sababu ya kuhama.

Kilichotusukuma ni hesabu. Mashine nyingi za kuhesabu damu huangalia ukubwa tu: chochote kidogo kinachopita tunduni kinaitwa chembe sahani. Sasa iletee damu ya mtoto aliyepungukiwa sana na madini ya chuma. Chembe nyekundu zake ni ndogo mno, nyingine ni vipande vipande, na zote zinaingizwa humo humo. Zile chembe sahani kubwa kupita kiasi nazo zinarukwa. Mgonjwa akiwa na 250,000 kwa mikrolita, kosa la elfu chache si neno. Akiwa karibu na 10,000, ambapo daktari anaamua kama atamwongezea chembe sahani au la, hapo ni kazi nyingine.

Kingamwili hii haina habari na ukubwa. Inashika CD61, protini inayoungana na CD41 kuwa kipokezi cha fibrinojeni (protini ya kugandisha damu), na juu ya chembe sahani moja imejaa kwa makumi ya maelfu. Kwenye skrini kundi lake linajitenga peupe na chembe nyekundu. Unachukua uwiano wa chembe sahani kwa chembe nyekundu, unazidisha kwa idadi ya chembe nyekundu kutoka kwenye mashine ya kawaida, umepata jibu. Utaratibu rejea wa kimataifa wa mwaka 2001 unatumia CD61 na CD41 pamoja. Sisi kwa utafiti tumetosheka na hii moja.

Damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau (yenye EDTA ya kuzuia kuganda) inakubali vizuri, ila ipunguzwe sana kabla ya kupitisha, la sivyo chembe mbili zitapita kwa leza pamoja na kuhesabiwa moja. Mabonge ya chembe sahani zilizoshikana nayo hayatenganishwi na kingamwili yoyote. Ukiyaona, omba damu nyingine ya kifuniko cha samawati, kisha zidisha jibu kwa 1.1 kwa sababu ya sitreti, maji ya kuzuia kuganda yaliyomo, ambayo huizimua damu. Na sampuli isiwekwe kwenye barafu. Zetu nyingine hufika kwa bodaboda, na mtikisiko wa barabara zetu unatosha kuziamsha chembe sahani, yaani kuzianzisha kazi ya kugandisha.

Hapo ndipo pa kuangalia: CD61 haikuambii kama chembe imeamshwa. Iliyotulia inayo, iliyoamka inayo. Kwa swali hilo tafuta kingamwili ya CD62P, protini inayojitokeza juu ya chembe sahani ikishaamka. Tena sampuli isipong'aa kabisa, usikimbilie kulaumu kichupa cha kingamwili. Wengi wenye ugonjwa wa Glanzmann, ugonjwa wa kurithi wa kutokwa damu, wanakosa protini hii au wanayo kidogo tangu kuzaliwa. Weka damu ya mtu mzima wa afya pembeni kila mara.

Bei ni chungu, na wakala aliyetuuzia alileta mzigo jeli za barafu zikiwa zimeshayeyuka. Tulikataa kupokea, akaleta mwingine. Inataka nyuzi 2 hadi 8, gizani, na isigandishwe kamwe, kwa hiyo friji yake iwe kwenye jenereta, maana stima tunaijua. Pima mwenyewe kiasi kinachofaa: sisi tumeshuka hadi nusu ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi yake, na kundi bado linaonekana wazi.