Kipima methani cha leza kwenye mitambo ya bayogesi: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa mitambo ya bayogesi huku Arumeru, ile ya kuba iliyofukiwa ardhini. Zamani nilitafuta uvujaji kwa povu la sabuni na kwa pua. Povu linafaa kwenye viungo vya bomba unavyovifikia kwa mkono. Pua inadanganya: kinachonuka kwenye bayogesi ni salfidi ya hidrojeni, na ukishafunga chujio la chuma harufu inapungua huku methani, ile gesi yenyewe inayowaka, inaendelea kutoka.

Kipima cha leza tulichopewa na mradi kinashikika kwa mkono mmoja. Kitone cha kijani kinaonyesha ulipolenga tu. Kazi inafanywa na mwali wa infraredi usioonekana, wa mikromita 1.65 hivi, ambao methani huufyonza. Mwali unagonga ukuta au majani, mwanga kidogo unarudi, kifaa kinapima kilichopotea njiani. Kinafika kama mita 30 na kinapenya kioo cha dirisha, kwa hiyo jiko lililofungwa unalikagua ukiwa nje, kabla mtu hajawasha kiberiti. Kwa hilo tu nakipa nyota zote.

Namba zake zinataka kuzoewa. Zinasomwa kwa ppm-mita, yaani ppm (sehemu ya gesi katika milioni ya hewa) mara urefu wa gesi ambayo mwali umepita: 100 inaweza kuwa ppm 100 ndani ya mita moja, au ppm 10 kwa mita kumi. Hewa ya kawaida yenyewe ina methani ya ppm 1.9 hivi, kwa hiyo ukuta ulio mita 10 utasoma karibu 20 na hakuna kinachovuja. Mimi husogea, nabadilisha upande, natafuta inaporuka ghafla. Panapovuja utapajua, lita ngapi kwa siku, hapana.

Nilitarajia kuikuta methani kwenye mfuniko na valvu kuu. Ipo, ila namba zisizoshuka nazipata juu ya tangi la kutokea, bioslari (tope la samadi linalotoka mtamboni) ikiwa bado inatoka mapovu. Pale hakuna cha kukaza. Mtambo ni mdogo, samadi ni nyingi, tope linatoka kabla halijamaliza kuchachuka. Na methani, kwa kipindi cha miaka 20, huipasha dunia joto mara 80 hivi kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Siku hizi nabishana na wateja kuhusu ukubwa wa mtambo kuliko kuhusu mabomba.

Kasoro: jua la saa sita kitone hukioni, maji na vigae vinavyong'aa havirudishi mwanga vizuri, upepo unapeperusha gesi. Halafu jirani atakuja tu: "Fundi, nimulikie na mtungi wangu." Hapana, mama. Gesi ya mtungi ni propani na butani, kifaa hiki hakizioni hata zikivuja puani kwako. Mtungi ni sabuni.

Bei haimlipi fundi wa peke yake. Chama cha wafugaji kikinunua kimoja kikazungushwa kwa wanachama, hapo sawa.