Trekta la kulimia: lipi lianze, lipi lisubiri

Kabla ya bei, angalia udongo wako na umbali wa duka la spea. Kwa mkulima wa Tanzania mwenye ekari 20 na kuendelea za shamba kavu, tunayapanga hivi.

La kwanza ni Massey Ferguson lililotumika, 135 au 240. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu, karibu nguvu farasi 45, mafundi wengi wanaijua. Linavuta plau ya diski mbili bila kuhema. Diski tatu ni kwenye kichanga tu. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, maana injini ya moto huficha ugonjwa. Likishawaka, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kupigapiga, ringi za pistoni zimekwisha. Kisha nyanyua plau, injini ikiunguruma. Plau ikipanda na kushuka kama kichwa cha anayesinzia, lifti inavuja kwa ndani. Chomoa na kijiti cha oili ya gia boksi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi kupitia mpira wa gia mvua ikinyesha. Gia na haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau, vinatumia oili hiyohiyo, kwa hiyo pampu yake nayo iko njiani kufa.

La pili, pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Kwenye majaruba ya mpunga tungeipa nafasi ya kwanza bila ubishi: ni nyepesi, na ukiifunga magurudumu ya chuma haizami. Mfinyanzi mkavu usiipeleke. Uzito hautoshi, matairi yanazunguka bure, mikanda inaungua.

La mwisho ni trekta jipya dogo la farasi 25. Linapita vizuri kati ya miti ya matunda, ila kama spea ni za kuagiza, msimu utaisha limeegeshwa.

Matunzo: bakuli la filta ya hewa lioshwe kila siku ya vumbi, kwani vumbi ndilo linalokula ringi. Oili ya injini, badilisha kila saa 200 za kazi. Pawatila, saa 100. Dereva asipumzishe mguu kwenye klachi.

Dizeli isikauke tangini. Ikikauka, hewa inaingia kwenye njia ya dizeli. Itoe hivi. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Rudia kwenye pampu ya noseli. Mwisho legeza nati za noseli, piga stata sekunde 10 kwa mkupuo. Dizeli ikiruka, kaza.