Oili ya Injini ya Gari la Zamani Iliyotoka Ovahoo: Mwongozo wa Kununua kwa Wenye Magari wa Mwanza

Mwenye Land Rover Series III, Peugeot 504 au Datsun 120Y ambaye ameifanyia injini ovahoo, yaani kuifumua na kuiunda upya, na ameshalipia ringi, beringi na kamshafti mpya (mhimili unaofungua valvu) hufika duka la spea na kuulizwa swali moja tu: ya petroli au ya dizeli? Swali hilo halitoshi. Injini nyingi za magari ya umri huo hufungua valvu kwa tapeti bapa, vipande vya chuma vinavyosuguana moja kwa moja na kamshafti, na kwa kuwa sehemu inayogusana ni ndogo mno huku springi za valvu zikikandamiza kwa nguvu, kinachozuia chuma kisile chuma ni viambato vya zinki na fosforasi vilivyomo ndani ya oili. Kwa sababu hiyo nimetanguliza ulinzi wa kamshafti katika kupanga machaguo haya, ukifuatiwa na unene unaofaa hali ya hewa yetu, na bei nimeiweka mwisho.

Viambato hivyo vilipunguzwa katika oili za kisasa kwa sababu fosforasi huharibu masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi), ambayo magari mengi ya umri huo hayakuwa nayo. Daraja la SM la API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, lililotoka mwaka 2004 liliziwekea oili nyepesi, kama 5W-30 na 10W-30, kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, lakini kikomo hicho hakikuzibana oili nzito kama 20W-50. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kusoma daraja na unene kwa pamoja, asiridhike na moja bila jingine.

Nafasi ya kwanza naipa 20W-50 ya madini, yaani isiyo ya sintetiki, yenye daraja la SJ au SL, yaliyotangulia SM. Namba inayotangulia herufi W inahusu baridi kali ambayo Mwanza haiijui, na namba ya pili ndiyo inayoshikilia presha ya oili wakati gari linapotambaa kwenye foleni ya mchana injini ikiwa imechemka. Hata hivyo, ikiwa fundi amezibana beringi kwa vipimo vya kiwandani na kitabu cha gari kinataka oili nyepesi zaidi, kitabu kifuatwe.

Nafasi ya pili ni 15W-40 ya dizeli yenye daraja la CI-4, ambayo ni rahisi kuipata kwa sababu malori na mabasi huitumia. Kwa kawaida ina zinki ya kutosha, na ni muhimu kidumu kionyeshe pia daraja la petroli, mfano CI-4/SL. Sabuni yake nyingi (viambato vya kusafisha injini) ni faida zaidi kwa injini yenye masizi kuliko kwa iliyosafishwa juzi. Yenye alama ya FA-4 iachwe, kwa kuwa ni nyepesi na ilitengenezwa kwa injini mpya za dizeli.

SAE 40 ya gredi moja inashika nafasi ya tatu: si mbaya katika joto letu, ila asubuhi huchelewa kidogo kupanda kwenye roka, mikono inayosukuma valvu juu ya injini. Nusu sintetiki ya 10W-40 ni ya nne. Ya mwisho ni sintetiki kamili ya 5W-30 au 0W-20, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei ya juu kuliko zote rafuni, na hapa ndipo wenye fedha wengi huponzwa. Vidumu vyenye daraja la SA au SB, ambayo ni ya kale mno, visinunuliwe hata kwa punguzo.

Oili ya kuwashia injini kwa mara ya kwanza ni suala la peke yake. Inafaa iwe ya madini, kwa sababu ringi mpya zinahitaji msuguano kidogo ili zikae vizuri kwenye kuta za silinda. Kamshafti ipakwe grisi yake maalumu kabla ya kufungwa, na pampu ya oili izungushwe mpaka presha ionekane. Injini ikishawaka, ishikiliwe kwenye mizunguko takribani 2,000 kwa dakika, ikipandishwa na kushushwa kidogo, kwa muda wa dakika 20. Isiachwe kwenye sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, hata kidogo, kwani kamshafti ya injini nyingi za aina hii hulainishwa na oili inayorushwa na krenki (mhimili mkuu wa injini), na krenki inayozunguka polepole hairushi vya kutosha. Kisha oili imwagwe na filta ibadilishwe. Fundi anayekushauri kuitumia tena oili hiyo anakuokolea shilingi chache kwa gharama ya kamshafti yako. Baada ya kilomita 500 ibadilishwe tena. Chupa za kuongeza zinki zitumike kwa kiasi tu, maana ikizidi sana huanza kuushambulia uso wa chuma.

Dukani, kagua sili ya kifuniko, tarehe ya kutengenezwa na namba ya toleo, na ukikuta kifuniko kinazunguka bila kukatika pete yake, kirudishe. Oili inayopimwa kwa chupa kutoka kwenye pipa haina nafasi katika injini iliyogharimu kiasi hicho.

Volkswagen ya mgongo wa kobe huchukua lita 2.5 tu na haina filta ya kubadilisha, bali chujio la waya, hivyo oili yake ibadilishwe mapema kuliko ya wenzake. Land Rover hunywa zaidi ya lita 6, kwa hiyo mwenye nayo anunue kabisa oili ya mabadiliko matatu ya mwanzo, ya chapa moja.